William Howard Taft: Mtu Aliyeitii Mizani

Mwaka wa yubile ni wakati wa kuwakumbuka waliotutangulia. Nasi tumeona vema kumkumbuka mtu mmoja ambaye wengi wamemcheka kwa ajili ya unene wake, lakini wachache wameijua taabu aliyoichukua. Ndiye William Howard Taft wa Marekani.

Alizaliwa katika mji wa Cincinnati tarehe 15 Septemba 1857, naye babaye alikuwa jaji. Tangu ujana alikuwa na mwili mkubwa wenye nguvu, na tabia ya upole na uchangamfu. Akasoma sheria, akawa jaji angali kijana. Na haja ya moyo wake ilikuwa moja tu, kuketi siku moja katika Mahakama ya Juu ya nchi yake. Lakini alitumwa mbali. Mwaka 1901 akawa gavana wa visiwa vya Ufilipino, na mwaka 1902 akasafiri mpaka Roma kuonana na Papa Leo XIII, kwa shauri la mashamba ya watawa yaliyokuwa katika visiwa vile. Baadaye aliitwa aketi katika Mahakama ile aliyoitamani, akakataa, kwa kuwa aliona kazi yake kwa watu wa Ufilipino haijaisha.

Kazi ilizidi, na mwili nao ukazidi. Mwaka 1905, alipokuwa Waziri wa Vita, uzito wake ulifika ratli 314, ndizo kilo 142. Kiungulia kilimsumbua, uchovu haukumwacha, na usingizi wake ulikuwa wa kukatika-katika. Mficha maradhi kifo humuumbua, naye hakuficha. Alimwandikia tabibu wa London, jina lake Nathaniel Yorke-Davies, akaomba msaada.

Masharti ya tabibu yalikuwa makali. Asubuhi anywe maji ya moto yenye maji ya limau, kidogo kidogo. Kisha chai au kahawa bila maziwa wala sukari, biskuti mbili tatu zisizo na wanga mwingi, na wakia 6 za nyama isiyo na mafuta. Mchana na jioni vivyo hivyo: nyama au samaki kwa kipimo, mboga bila siagi, matunda bila sukari. Tena ilimpasa kujipima, na kila juma apeleke habari kwa barua. Fikirini, Waziri aliyeamuru majeshi, naye ampa tabibu wa mbali hesabu ya chakula chake, kama mtoto wa shule mbele ya mwalimu! Hata mwezi wa Aprili 1906 alikuwa amepungua ratli 59. Lakini njaa haikumwacha mchana wala usiku.

Basi, uzito ule ulirudi. Alipoapishwa kuwa Rais mwaka 1909, akimfuata Roosevelt, yule aliyeshuka Mombasa mwaka uo huo kwenda kuwinda, alikuwa na ratli 354, ndizo kilo 161. Watu wakasema ni ulafi tu. Sisi tulio leo twajua zaidi. Mwili uliopunguzwa kwa haraka huzidisha njaa na kupunguza matumizi yake, ukitaka kurudi ulikotoka. Tena Rais alikuwa akisinzia mkutanoni na mezani, hata msaidizi wake Archie Butt alikuwa akikohoa kwa nguvu ili amwamshe. Matabibu wa leo wanaona kwamba pumzi yake ilikuwa ikikatika usiku alalapo. Na moyo wa mtu wa namna hiyo hufanya kazi kupita kiasi: husukuma damu katika mwili mkubwa, hushindana na shinikizo la damu, wala usiku haupati raha.

Mwaka 1912 alishindwa vibaya katika uchaguzi. Wengi tungekata tamaa. Yeye alikwenda Yale kufundisha sheria, akaanza tena. Akaacha mkate na viazi, akatembea kwa miguu, na kabla ya mwaka 1913 kwisha alikuwa amepungua zaidi ya ratli 60. Usingizi wa mchana ukamwacha, wala hakuurudia tena uzito ule wa Ikulu.

Mwaka 1921, akiwa na miaka 63, alipata alichokitamani tangu ujana: akafanywa Jaji Mkuu wa Marekani. Lakini moyo ulikuwa umekwisha kuchoka. Mwaka 1924 ulimshika vikali. Hakuacha kazi, alishika masharti, akafanya kazi kwa kadiri ya nguvu zake, akasimamia sheria ya mwaka 1925 iliyotengeneza upya shughuli za Mahakama ile. Tarehe 3 Februari 1930 aliiweka kazi chini, na tarehe 8 Machi akafariki, mwenye miaka 72. Akazikwa Arlington.

Ndugu na walimu, hatusemi mfuate chakula chake. Kila mgonjwa na asikilize daktari wake mwenyewe, kwa maana maarifa yameongezeka. Twasema neno hili tu. Katika makanisa yetu wapo wenye moyo dhaifu na mwili mzito, waliokatazwa chumvi, mafuta na sukari. Katika karamu za yubile tusiwajazie sahani kwa kuwabembeleza, wala tusiwacheke wakikataa. Na akianguka mmoja wao katika masharti yake, tusimhukumu. Tumsaidie kuanza tena. Taft alianza tena mbele ya macho ya taifa zima, nayo miaka aliyoipata akaitumia kwa kazi aliyoipenda.