Wangila: Dhahabu Iliyoletwa kwa Ngumi

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Kabla sijafika mbali nataka kuwauliza swali moja. Ni Mkenya gani aliyepata nishani ya dhahabu ya Olimpiki bila kukimbia hata hatua moja? Najua wengi mtajikuna kichwa. Mmoja atamtaja Kipchoge Keino, mwingine David Rudisha, mwingine Eliud Kipchoge au Faith Kipyegon. Hao wote ni wakimbiaji. Tangu Naftali Temu alipoleta dhahabu ya kwanza kutoka Mexico mwaka 1968 mpaka michezo ya Paris ya mwaka 2024, dhahabu zote za Kenya zimeletwa na miguu. Zote, isipokuwa moja. Hiyo moja ililetwa na mikono, na mwenye mikono hiyo aliitwa Robert Napunyi Wangila.

Wahenga walisema mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni. Wangila hakuwa mnyonge hata kidogo, lakini haki yake naona bado hatujampa. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Wangila alizaliwa Nairobi tarehe 3 Septemba 1967. Alipokuwa akikua, ndondi za Kenya hazikuwa mchezo wa kubahatisha. Philip Waruinge alipata shaba kule Mexico mwaka 1968, na huko huko akapewa kombe la Val Barker, ambalo lilikuwa likipewa bondia mwenye ustadi kuliko wote katika Olimpiki. Hebu fikiria, mtu wa shaba anapewa kombe la ustadi na wenye dhahabu wapo wanatazama! Mwaka 1972 Waruinge huyo huyo akaongeza fedha kule Munich. Mwaka 1978 Stephen Muchoki akawa bingwa wa dunia wa ndondi za ridhaa. Mwaka 1984 Ibrahim Bilali akarudi na shaba kutoka Los Angeles. Timu ya taifa ilijulikana kwa jina la Hit Squad, na ilikuwa moto wa kuotea mbali.

Hata hivyo dhahabu ya Olimpiki ilikataa katakata. Mwaka 1976 na mwaka 1980 Kenya haikwenda kabisa kwa sababu za kisiasa, na mabondia wetu waliokuwa wameiva wakabaki nyumbani wakiangalia glavu zao. Tena si Kenya pekee. Clement Quartey wa Ghana alifika fainali mwaka 1960, akaambulia fedha. Uganda walipata fedha kwa Eridadi Mukwanga mwaka 1968, kwa Leo Rwabwogo mwaka 1972 na kwa John Mugabi mwaka 1980. Mabondia wa Afrika Kusini waliowahi kushinda dhahabu zamani walikuwa Wazungu watupu, maana nchi hiyo ilimnyima Mwafrika nafasi ya kuiwakilisha. Kwa hiyo ilikuwa kama kuna mlango, na kila Mwafrika mweusi akiufikia anafungiwa.

Mwaka 1987 Michezo ya Afrika Nzima ilifanyika Nairobi. Wangila, wakati huo kijana wa karibu miaka 20, alishinda dhahabu mbele ya watu wa nyumbani. Alikuwa wa uzani wa welta, yaani bondia asiyezidi kilo 67. Mwaka uliofuata akasafiri na timu ya Kenya hadi Seoul, Korea Kusini.

Kule Seoul alipita raundi za mwanzo mpaka akaingia nusu fainali. Hapo mpinzani wake, Jan Dydak wa Poland, hakupanda ulingoni, basi Wangila akapewa ushindi wa bure. Mwenye kijicho angeweza kusema ni bahati tu. Fainali ikaja kumjibu. Upande wa pili alisimama Laurent Boudouani wa Ufaransa, ambaye alikuwa amemtoa Mmarekani Kenneth Gould, bingwa wa dunia wa ridhaa wa mwaka 1986. Jamani, huyo hakuwa mtu wa kuchezewa. Lakini raundi ya pili haikwisha. Wangila alimpiga konde, Mfaransa akalamba sakafu, akahesabiwa hadi mwisho. Mlango ule ukafunguka. Wangila akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kutoka kusini mwa Sahara kushinda dhahabu ya ndondi katika Olimpiki. Mpaka michezo ya Paris ilipokwisha mwaka 2024, hakuna mwingine aliyempata.

Sasa tujiulize, mbona jina lake halivumi? Mimi naona sababu mbili. Kwanza, mwaka huo Kenya ilipata dhahabu tano, na nne zilikuwa za mbio: Paul Ereng mita 800, Peter Rono mita 1500, John Ngugi mita 5000, na Julius Kariuki mbio za kuruka viunzi na maji. Nchi ikaimba wakimbiaji, na bondia akamezwa na shangwe za wenzake. Pili, dunia nzima ilikuwa na habari nyingine. Ben Johnson wa Kanada alinyang'anywa dhahabu ya mita 100 kwa kutumia dawa. Katika ndondi zenyewe, Roy Jones wa Marekani alimtwanga mwenyeji Park Si-Hun, kisha waamuzi wakampa ushindi Park kwa kura tatu kwa mbili. Watu wakabaki kuzungumza juu ya dhahabu iliyoibwa, wakaisahau dhahabu iliyopatikana kwa haki.

Baada ya Seoul, Wangila aliingia ndondi za kulipwa mwaka 1989 na akaenda kutafuta maisha Marekani. Hapa lazima nieleze tofauti. Katika ndondi za ridhaa za siku hizo bondia alivaa kofia ya kukinga kichwa, na pambano lilikuwa la raundi tatu tu. Katika ndondi za kulipwa hakuna kofia, na raundi zinafika kumi au kumi na mbili. Ni sawa na kumtoa mtu wa mita 800 ukamwambia akimbie marathoni, tena huku akipigwa. Wangila alijitahidi kiume. Alishinda mapambano zaidi ya 20, mengi kwa kuwaangusha wapinzani, na alishindwa mara chache. Lakini nafasi ya kupigania ubingwa wa dunia hakuipata. Wenzake wa Seoul kama Lennox Lewis na Ray Mercer waliupata. Yeye akabaki anasubiri kwenye foleni.

Tarehe 22 Julai 1994, huko Las Vegas, alipanda ulingoni kupambana na Mmarekani David Gonzalez. Pambano lilikuwa kali. Katika raundi ya tisa mwamuzi aliona Wangila anapigwa mno, akaingilia kati na kulisimamisha. Wangila akakasirika. Alilalamika kwamba bado ana nguvu na kwamba ameonewa. Alitembea kwa miguu yake mwenyewe mpaka chumba cha kubadilishia nguo. Huko huko akaanguka. Alipelekwa hospitali akiwa hajitambui, na tarehe 24 Julai 1994 akafariki dunia. Alikuwa na miaka 26.

Watu wengi hushangaa: mtu aliyesimama, akalalamika na kutembea, anakufaje? Chukua nazi iliyokomaa uitikise karibu na sikio lako. Utasikia maji yanavyopiga huku na huku, na gamba la nje halina hata mkwaruzo. Kichwa cha bondia nacho ni vivyo hivyo. Ubongo umo ndani ya fuvu, umezungukwa na majimaji, na konde zito linautikisa. Vimishipa vidogo vya damu vinaweza kukatika, damu ikavuja polepole na kuubana ubongo. Wakati huo mwenyewe hajui. Anaongea, anakasirika, anatembea. Akija kujua, keshachelewa.

Methali yetu inasema asiyekubali kushindwa si mshindani. Tumezoea kuitumia kumcheka mtu aliyefungwa kwenye mpira akanuna. Nikisoma maisha ya Wangila naiona kwa jicho jingine. Kukubali kusimamishwa si aibu. Yule mwamuzi aliyechukiwa usiku ule hakuwa adui, alikuwa anajaribu kumwokoa. Bahati mbaya makonde yaliyotangulia yalikuwa yameshafanya kazi yake. Hapa Marereni tunajua habari ya kujikaza. Wazee wetu wanaofanya kazi ya chumvi juani wanajikaza kila siku ili sisi tusome. Lakini hata wao watakwambia mwili hauna spea. Kwa hiyo mwenzetu akiumia uwanjani na mwalimu akamtoa, tusimwite mwoga. Na anayetolewa naye asimtukane mwalimu.

Kuna jambo moja zaidi ambalo kila nikilifikiria linanichoma moyo. Laurent Boudouani, yule Mfaransa aliyelambishwa sakafu Seoul, hakukata tamaa. Mwaka 1996 alitwaa ubingwa wa dunia wa chama cha WBA katika uzani wa juu kidogo ya welta, na akaushika mpaka mwaka 1999. Alipouvaa mkanda ule, mtu aliyemwangusha alikuwa na miaka miwili kaburini. Ukitaka kujua uzito wa konde la Wangila, usihesabu mikanda yake, maana hana. Angalia aliyempiga alikuwa nani.

Siku ile ya Seoul hakuwa peke yake. Chris Sande alipata shaba kwenye uzani wa kati. Tangu hao wawili, mpaka Paris mwaka 2024, Kenya haijapata nishani nyingine ya ndondi katika Olimpiki, si dhahabu, si fedha, si shaba. Labda sababu ni nyingi, lakini nadhani mojawapo ni kwamba mtoto hawezi kutamani kuwa kama mtu ambaye hajapata kusimuliwa habari zake. Mtoto wa Iten anakua akiwasikia wakimbiaji asubuhi na jioni. Mtoto mwenye ngumi nyepesi, awe Nairobi, Mombasa au hapa pwani ya Malindi, anamsikia nani?

Basi ombi langu kwenu ni dogo. Mkiwataja mashujaa wa Olimpiki wa nchi hii, wa miguu wapewe sifa zao zote, wamezistahili. Mkifika mwisho wa orodha msifunge kitabu. Ongezeni jina moja, Robert Wangila, na mwaka wake ni 1988.