Dk Henshall: Daktari aliyempandisha daraja samaki wa magugu

UKIKAA kijiweni Gongo la Mboto na wapenda soka, hazipiti dakika tano kabla hujatajiwa mchezaji wa ndondo aliyejua mpira kuliko nusu ya waliokuwa wanalipwa Ligi Kuu. Miguu anayo, pumzi anayo, mabao anafunga. Ila hasajiliwi. Kosa lake ni moja tu, katoka mchangani.

Kwenye uvuvi wa michezo yupo samaki aliyepitia mambo hayo hayo. Anaitwa bass, na asili yake ni Amerika Kaskazini. Leo mashindano ya kumvua yana wadhamini, kamera na zawadi nono, na wapo watu wanaoishi kwa kazi hiyo kama mastaa wa soka. Lakini miaka 150 iliyopita mabwana wakubwa walimwona samaki wa matopeni.

Aliyempigania hadi akapanda daraja ni daktari wa binadamu, James Alexander Henshall. Silaha zake zilikuwa mbili, kalamu na fimbo ya kuvulia.

MTOTO WA BALTIMORE

Henshall alizaliwa 1836 katika mji wa Baltimore, Marekani. Akiwa bado kijana alihamia Cincinnati, kwenye kingo za Mto Ohio, na huko ndiko alikomjua bass vizuri. Alisomea udaktari, akatibu watu Kentucky na baadaye Wisconsin, jimbo lenye maziwa kibao. Wagonjwa walimpata, ila maji nayo yalimpata. Kila alipohamia, alihakikisha kuna mto au ziwa karibu.

Zama hizo mvuvi mwenye heshima Marekani alikuwa anaiga Uingereza. Samaki wa heshima walikuwa wawili tu, salmoni na trauti, wanaokaa kwenye maji ya baridi yanayokwenda kasi. Vifaa vyote vilitengenezwa kwa ajili yao. Bass alikuwa samaki wa watoto na wakulima, wa kuvuliwa kwa ufito uliokatwa porini.

Hata jina lake la kitaalamu lilitokana na bahati mbaya. Mwaka 1802 mwanasayansi wa Ufaransa, Lacépède, alipata bass mmoja ambaye pezi lake la mgongoni lilikuwa limeharibika. Akadhani ndivyo alivyoumbwa, akampa jina la Micropterus, yaani mwenye pezi dogo. Ni sawa na mchezaji kufanyiwa majaribio akiwa na jeraha, halafu ripoti ikaandikwa kwamba ni kilema.

TATIZO LILIKUWA KWENYE FIMBO

Henshall alianza kuandika magazetini miaka ya 1870. Hakuishia kumsifia samaki wake. Alikwenda kwenye kiini cha tatizo, kwamba watu walikuwa wanamvua bass kwa vifaa vya samaki mwingine, wakimkosa wanamlaumu.

Fimbo zilizokuwa sokoni zilikuwa na urefu wa futi 10 hadi 12, nyingine zaidi ya hapo. Hiyo ni zaidi ya mita tatu. Nyingi zilikuwa nzito, za kushika kwa mikono miwili, na ukimtupia samaki chambo mara 50 kwa siku bega linaomba msaada. Nyingine zilikuwa laini mno, zinapinda kama mjeledi.

Fimbo laini kwa trauti haina shida. Trauti akinaswa anakimbia mtoni, nawe unamwacha akimbie mpaka achoke. Bass hana habari hiyo, hasa yule mwenye mdomo mkubwa. Yeye ni wa maji yaliyotulia, anakaa kivulini chini ya majani, kimya, kama straika anayejificha nyuma ya beki. Chambo kikipita anatoka mara moja, anakimeza, na anarudi kwenye magugu alikotoka. Ukimpa nafasi ya mita mbili tu, mshipi unazunguka mashina ya mimea. Hapo humvui samaki tena, unavuta kichaka.

Henshall akaja na fimbo yake. Urefu wake ulikuwa futi 8 na inchi 3, karibu mita 2.5. Ilikuwa fupi kwa zama zile, nyepesi ya kutupia kwa mkono mmoja, lakini yenye uti wa mgongo wa kumgeuza samaki kichwa. Watengenezaji waliichukua, na ikajulikana kwa jina lake.

Fimbo hiyo aliioanisha na rili ya Kentucky, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi. Hii ina historia yake. Mwanzoni mwa karne ya 19 fundi saa mmoja wa mji wa Paris huko Kentucky, George Snyder, alichukua meno ya saa na kuyaweka kwenye rili. Rili za kawaida ulizungusha mpini mara moja, gurudumu nalo likazunguka mara moja. Za Kentucky zikaja kuzunguka mara nne. Kwa mvuvi wa bass hiyo ndiyo tofauti ya kumwahi samaki na kubaki unatazama maji.

Wakosoaji walikuwepo. Kwa waliokulia kwenye fimbo ndefu, kifaa kifupi cha mkono mmoja kilionekana kama mwanasesere. Henshall alirudi kwenye hoja ile ile kila mara. Usianze na fimbo. Anza na samaki, anakaa wapi, anakula nini, akinaswa anakimbilia wapi. Ukishajibu hayo, fimbo itajichagua yenyewe.

KITABU CHA 1881

Mwaka 1881 alichapisha kitabu kilichomtangaza, Book of the Black Bass. Kilianza na sayansi ya samaki mwenyewe, kikaja kwenye vifaa, kikamalizia na namna ya kuvua. Humo alitoa hukumu iliyowaudhi mabwana wa trauti. Kwa maoni yake, ukilinganisha kilo kwa kilo, hakuna samaki anayepigana kuliko bass.

Wavuvi wa kawaida walikipokea kama mashabiki wa timu ndogo iliyomfunga mkubwa ugenini. Mwaka 1889 akaongeza kitabu cha pili cha kukamilisha kile cha kwanza, na 1904 likatoka toleo jipya. Katikati hapo, 1884, alitoa kingine kuhusu safari zake za mashua na kambi huko Florida, jimbo ambalo maziwa yake yamejaa majani na bass wakubwa.

Kwenye maonyesho makubwa ya dunia ya Chicago mwaka 1893, Henshall alipewa kusimamia upande wa uvuvi wa ndoana. Yule mtetezi wa samaki wa matopeni sasa ndiye aliyekuwa anapanga nini kionekane mbele ya wageni wa dunia nzima.

Baada ya hapo serikali ilimpa kazi ya kuongoza kituo cha kuzalishia samaki Bozeman, Montana. Mwaka 1909 alihamishiwa kituo cha Tupelo, Mississippi, ukanda wa joto ambako bass yuko nyumbani. Alifariki 1925 akiwa na miaka 89.

BASS ATUA NAIVASHA

Miaka minne baada ya kifo chake, samaki aliyempigania alitua Afrika Mashariki. Mwaka 1929 bass wa mdomo mkubwa walipandikizwa Ziwa Naivasha, Kenya. Masimulizi mengi yanasema wazo lilikuwa la Theodore Roosevelt, rais wa zamani wa Marekani, aliyepita Naivasha katika safari yake ya kuwinda ya 1909. Roosevelt mwenyewe hakuwaona humo, alishafariki 1919.

Hata Kenya foleni ilikuwa ile ile. Trauti alitangulia, akaletwa 1905 kwenye mito ya milimani kwa ajili ya burudani ya walowezi. Bass akafuata baadaye.

Naivasha ni ziwa la mafunjo. Kuta za mafunjo zinazunguka kingo, na upepo ukikata kipande kinakuwa kisiwa kinachoelea. Kwa bass hapo ni nyumbani kabisa, kivuli kipo na sehemu ya kuvizia ipo. Ila ujio wake ulikuwa na gharama. Ziwa lilikuwa na aina moja tu ya samaki wa asili, mdogo sana. Mara ya mwisho kuonekana ilikuwa 1962, na bass anatajwa miongoni mwa waliommaliza. Sifa ya upiganaji ambayo Henshall aliihubiri ina upande wake wa pili.

Magugu yenyewe nayo yalibadilika. Mwaka 1970 waliletwa kamba wa maji baridi wa kutoka Louisiana, wakatafuna mimea ya chini ya maji. Juu ya maji yakaja magugu yanayoelea, na mwishoni mwa miaka ya 1980 gugu maji likaingia. Maficho ya bass yakahama kutoka chini kwenda juu. Mvuvi aliyekariri vifaa vya zamani akabaki anashangaa.

KIKOSI CHA MAGUGU MAZITO

Fimbo yenyewe ya Henshall isingetosha kwenye zulia la gugu maji. Ilikuwa nyepesi, ya kutupia samaki wadogo kama chambo, kwenye maji yenye nafasi. Lakini ukichukua maswali yake na kuyauliza leo, majibu yanakuja bila kubabaisha.

Fimbo. Wavuvi wa bass kwenye magugu mazito wanatumia ya futi 7 hadi 7 na nusu, ngumu, inayopinda karibu na ncha tu. Urefu huo unasaidia kumwinua samaki juu ya majani badala ya kumburuza katikati yake. Ugumu ni wa kumgeuza kichwa sekunde ile ile anaponaswa.

Mshipi. Ule wa nailoni moja unavutika, ukivuta unarefuka kabla samaki hajasikia kitu. Kwenye magugu hapo umeshachelewa. Unatakiwa mshipi wa kusukwa, wa kuhimili kilo 23 hadi 29. Haurefuki, na ukikazwa unakata mashina laini kama msumeno. Wanaoshangaa kilo 29 kwa samaki wa kilo mbili wanasahau kwamba mara nyingi anakuja na kilo kadhaa za majani.

Rili. Meno ya fundi saa Snyder yalifika mara nne, za sasa zinafika mara saba na zaidi. Breki inakazwa karibu mwisho, kwa sababu hapa hakuna kumwachia samaki akimbie.

Ndoana. Ya ncha tatu iache nyumbani, itakamata kila jani. Inatumika ya ncha moja, nene, ncha yake ikifichwa ndani ya chambo laini cha plastiki. Chubwi la gramu 28 au zaidi linatoboa zulia na kushusha chambo kivulini, sebuleni kwa samaki.

Juu ya majani anatumika chura wa plastiki aliye wazi ndani. Ndoana zake mbili zinatazama juu na kulala kwenye mgongo wake, hivyo anateleza juu ya majani bila kunasa. Bass akimbana, chura anabonyea na ndoana zinatokeza. Kosa la wengi ni kuvuta mara tu maji yanaporuka. Subiri usikie uzito mkononi, ndipo uvute kwa nguvu zote. Ni kama straika mbele ya kipa, mwenye pupa anapaisha.

Na kwa Naivasha kuna kanuni moja zaidi isiyohusu vifaa. Usisimame kwenye mafunjo ukivua. Viboko wanakaa humo humo, na wameshaua watu.

REKODI YA MKULIMA

Hoja ya Henshall ilipata ushahidi mkubwa miaka saba baada ya kifo chake. Juni 2, 1932, kijana mkulima wa Georgia, George Perry, alimvua bass wa kilo 10 na gramu 90 kidogo katika Ziwa Montgomery. Ulikuwa wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, na Perry alikuwa na fimbo moja aliyotumia kwa zamu na rafiki yake. Samaki aliliwa na familia. Rekodi ile ilisimama peke yake hadi 2009, alipoifikia Manabu Kurita katika Ziwa Biwa, Japani.

Perry hakuwa na begi la vifaa wala jina kubwa. Alikuwa na chambo sahihi mahali sahihi. Hilo ndilo alilolihubiri yule daktari, na halihusu bass peke yake. Vijana wanaotafuta kambale kwenye matete ya bonde la Msimbazi, wakiwa na ufito na mshipi wa dukani, wanalijua bila kufundishwa. Ufito mlaini unampa kambale nafasi ya kuingia kwenye mizizi, ndoana inabaki humo, na mia tano imekwenda. Ufito mgumu, mshipi mnene, kumwinua haraka, ndiyo dawa. Henshall angewasajili.