Bob Moog: Aliyekipa kinanda sauti ya transi, kisha akapoteza jina lake

Harusi ya binamu yangu ilinipeleka Eldas. Kwa wasiojua, ukishafika Wajir kwa basi bado safari haijaisha. Unatafuta gari lingine, unakula vumbi, ndiyo unafika. Mchana akina mama walikuwa na buraanbur yao ndani ya hema. Kina mama wakishikana kwa mashairi, wewe kijana kaa mbali tu. Usiku ndio tukaletewa jamaa mmoja kutoka Wajir mjini. Mmoja tu. Hakuna mpiga gitaa, hakuna ngoma, hakuna udi. Kinanda kimoja juu ya meza ya plastiki, spika mbili, na jenereta ikinguruma nyuma ya nyumba.

Mkono wake wa kulia ulikuwa unapiga nyimbo. Wa kushoto haukupiga chochote, ulikuwa umeshika kigurudumu kidogo kilicho pembeni ya kinanda. Akikisukuma, noti inapinda, inateleza, inalia kama koo la mwimbaji wa Kisomali. Mpaka saa sita hivi, wazee wakiwa wameshalala, akabonyeza vitufe viwili vitatu na dunia ikabadilika. Transi! Pigo moja lisilochoka, sauti pana kama upepo, inapanda polepole, inapanda, unangoja ipasuke na bado haipasuki. Vijana wa Eldas walicheza hadi mafuta ya jenereta yakaisha.

Asubuhi abti wangu, kaka yake mama, alinuna kwenye chai. Kwake yeye tulichofanya ni saar iliyowekewa stima. Saar ni ile ngoma ya zamani ambayo wanawake hupigiwa mdundo uleule kwa muda mrefu mpaka wanapandwa, na mashekhe hawaitaki kabisa. Mzee alikuwa anatukaripia, lakini ukweli usemwe, alikuwa ameelewa transi kuliko madijei wengi ninaowajua Nairobi.

Nilimuuliza mpiga kinanda ni nani aliyebuni kile kigurudumu. Akasema labda Wajapani, kwa sababu jina la kinanda ni la Kijapani. Mimi pia sikujua. Niliporudi mjini nikaanza kuchimba, na njia yote ikaishia kwa mtu mmoja: Robert Moog, au Bob. Jina hutamkwa karibu na Mogu, si Mugu.

Alizaliwa tarehe 23 Mei 1934 jijini New York, akakulia Queens. Mama yake alimtaka awe mpiga piano na alimkalisha kwenye kinanda kwa lazima. Baba alikuwa injinia wa kampuni ya umeme, na jioni alikuwa na karakana yake ndogo nyumbani. Mtoto akawa katikati: huku piano, huku waya na risasi ya kuchomelea. Akiwa na miaka 14 aliunda theremini, kile chombo cha ajabu cha Mrusi Leon Theremin ambacho unakipiga bila kukigusa, unapunga mikono hewani tu. Alipofika miaka 19, yeye na baba yake walikuwa wanaziuza.

Shule nitapita haraka, maana mimi mwenyewe niliacha chuo kabla ya kumaliza na sina mamlaka ya kuhubiri. Fizikia Queens College, uhandisi wa umeme Columbia, kisha uzamifu Cornell. Uzamifu wenyewe aliupata 1965, miaka 13 baada ya kutoka sekondari. Kwa nini alichelewa? Biashara. Mwaka 1961 aliandika makala kwenye jarida la elektroniki akieleza jinsi ya kuunda theremini kwa transista, na yeye akawa anauza vifaa vyake kwa chini kidogo ya dola 50. Oda zikaja kama mvua ya gu'. Aliuza takriban 1,000, na kazi yote ilikuwa inafanyika kwenye nyumba ya kupanga ya vyumba vitatu. Ukidhani hasla ilianzia kwetu, hapo umekosea.

Mwishoni mwa 1963 alikutana na Herbert Deutsch, mwalimu wa muziki, kwenye mkutano wa walimu kule Rochester. Deutsch alitaka sauti ambazo hakuna ala inayotoa. Wakati huo ukitaka muziki wa elektroniki unarekodi sauti kwenye utepe, unaukata kwa wembe, unaunganisha vipande. Wiki nzima kwa sekunde chache! Kiangazi cha 1964 wawili hao wakajifungia Trumansburg, kijiji kidogo cha New York, wakatoka na wazo lililobadilisha kila kitu: acha umeme uongoze umeme. Volti moja ikiongezeka, noti inapanda oktavu moja. Volti ileile inaweza kuongoza ukali wa sauti, au kuizima taratibu. Huhitaji wembe tena.

Hapa ndipo palipo na swali ambalo mpaka leo linanikosesha usingizi. Hiyo mashine uiguse na nini? Vladimir Ussachevsky, mkubwa wa muziki wa elektroniki kule Columbia, alimwonya Moog asiweke kinanda. Hoja yake ilikuwa nzito: ukiweka vidole vya piano, watu watapiga piano tu, na sauti mpya zote zitafungwa kwenye noti 12 za Wazungu. Kule California, Don Buchla aliunda mashine yake bila kinanda, akaweka vibao vya kugusa. Deutsch yeye alitaka kinanda. Moog akamsikiliza Deutsch.

Nani alikuwa sahihi? Kwa upande mmoja Ussachevsky aliona mbali. Muziki wa Kisomali unapita kwa noti tano, na mwimbaji wetu anapenda kukaa pale katikati ya noti na noti, mahali ambapo kinanda hakina kitufe. Lakini bila kinanda, yule jamaa wa Wajir angejifunzia wapi? Kinanda unamwonyesha mtu leo, kesho anajaribu. Nadhani Moog alichagua vizuri, na kile kigurudumu kikaja baadaye kuziba pengo.

Mwaka 1968 Wendy Carlos alitoa albamu ya muziki wa Bach iliyopigwa yote kwa mashine ya Moog, noti moja moja, maana mashine haikuweza kutoa noti mbili kwa pamoja. Ikauza vibaya sana, ikabeba Grammy tatu. Ghafla kila studio inataka Moog, na bei ingeweza kufika dola 10,000 na zaidi. Chama cha wanamuziki Marekani kikaingiwa na hofu kwamba wapiga ala watakosa mkate. Hofu yao naielewa. Ila nikikumbuka Eldas, nacheka kidogo: pale hakukuwa na bendi ya kunyang'anywa kazi. Bila kinanda kungekuwa na kimya na jenereta.

Shida ya zile mashine ilikuwa ukubwa. Kabati zima, waya zimening'inia kama tambi. Mfanyakazi wake mmoja, Bill Hemsath, akaanza kuokota mabaki ya vipuri na kuyaunganisha na kinanda ndani ya sanduku dogo. Mwaka 1970 likatoka kama Minimoog: vidole 44, bei kama dola 1,500, unabeba kwapani unaenda kupiga shoo. Na upande wa kushoto, vigurudumu viwili. Kimoja cha kupinda noti, kingine cha kuitetemesha. Ndiyo, vilevile vya Eldas. Kampuni haikuvichukulia hataza, yaani haki ya kisheria ya mbunifu, kwa hiyo kila mtengenezaji duniani alivinakili bure.

Filta yake alikuwa ameilinda, hataza ikatoka 1969. Wacha niieleze, kwa sababu transi yote imesimama hapo. Chukua wimbi lenye ncha kama meno ya msumeno, lina ukali wa kutosha kukutoboa masikio. Filta ni mlango mbele yake. Ukiufunga, unasikia uvumi tu kutoka mbali. Ukiufungua kidogo kidogo, baa 16, baa 32, ukali unaingia na kifua kinabana. Ule upandaji uliotufanya tukodoe macho usiku ule ni mlango unaofunguliwa na mtu asiye na haraka. Ongeza pigo la 130 hadi 140 kwa dakika, rudia noti zilezile, umemaliza. Vinanda vya leo vinavyobeba studio nzima tumboni, ngoma, besi, kurekodi, kila kitu, vinafanya hayo kwa kompyuta, lakini ukifungua menyu utakuta ni mlango uleule.

Sasa njoo kwenye pesa. Moog alikuwa fundi, hakuwa mfanyabiashara, na hilo halikuwa siri. Mashine kubwa ziliacha kununuliwa, madeni yakapanda. Mwaka 1971 akauza kampuni kwa mwekezaji aitwaye Bill Waytena, na 1973 ikaangukia mikononi mwa kampuni kubwa ya Norlin. Jina lake likaenda pamoja na meza na viti. Mtu akawa mwajiriwa katika kampuni inayoitwa kwa jina lake mwenyewe. Minimoog zaidi ya 12,000 ziliundwa hadi 1981, na yeye hakuwa mwenye nyumba tena.

Angalia mwaka 1977. Kule Munich, Giorgio Moroder anachukua mashine kubwa ya Moog, anaiambia irudie besi moja bila kupumua, na Donna Summer anaimba juu yake. I Feel Love ikatoka, na kama unatafuta bibi wa transi, ni huyo. Wajerumani waliokuja kuita muziki huo transi miaka ya 90 mwanzoni walikuwa wanatembea kwenye barabara hiyo. Mwaka huohuo, 1977, Moog alikusanya vitu vyake akaondoka kwenye kampuni.

Alihamia milima ya North Carolina na mwaka uliofuata akaanzisha karakana ndogo, Big Briar. Aliunda nini? Theremini. Alirudi kwenye chombo cha utotoni mwake, huku vitu alivyovianza vikipigwa kila disko la dunia. Hakuweza kuandika jina lake juu ya bidhaa zake. Hebu fikiria. Sisi tunasaini mikataba ya muziki bila kusoma ukurasa wa pili.

Norlin ilichoka, kampuni ya zamani ikafa miaka ya 80. Hapo ungedhani jina linarudi lenyewe. Wapi! Ilibidi apambane kisheria. Alilipata mwaka 2002, akiwa na miaka 68, akatoa Minimoog mpya iitwayo Voyager. Mwaka mmoja kabla, Sweden ilikuwa imempa Tuzo ya Muziki ya Polar. Miaka mitatu tu alifurahia jina lake. Aprili 2005 madaktari waligundua uvimbe kwenye ubongo, na tarehe 21 Agosti akafariki nyumbani Asheville akiwa na miaka 71.

Wiki jana nilimpigia simu yule mpiga kinanda nikamsimulia yote haya. Alisikiliza kimya mpaka nilipofika kwenye kigurudumu, akaniuliza ni pesa ngapi walilipwa kwa kila kinanda kilichokiiga. Nikamwambia hawakulipwa hata senti. Akacheka sana, kisha akanikumbusha kwamba binamu yangu bado hajammalizia nusu ya pesa za ile harusi.