George Frederic Still, munganga mwenye aliangalia viungo vya watoto

KALIMA, Maniema – Mutoto akilalamika asubuhi kama magoti ni magumu, wakubwa wengi wanafikiri ni mpira wa jana, ni muzigo wa maji, ao anakimbia masomo. Iko vile Kalima, muji wa kasiterite katika territware ya Pangi, na iko vile fasi nyingi za dunia. Zaidi ya miaka 120 iliyopita, munganga mumoja Mwingereza alikataa kuishia hapo.

George Frederic Still alizaliwa London tarehe 27 Februari 1868. Baba yake, mutumishi wa duane, alikufa mwaka 1885, na kijana akaendelea na masomo kwa buruse. Kwenye Chuo Kikuu cha Cambridge alisoma Kilatini na Kigiriki, kisha akageukia udaktari. Alipomaliza, akaingia kazi kwenye Great Ormond Street, hospitali kubwa ya watoto ya London.

Wakati ule waganga wengi waliona ugonjwa wa viungo vya watoto kuwa ule ule wa watu wazima katika mwili mudogo. Still alichunguza habari za watoto 22. Mwaka 1897, akiwa na miaka 29, alitoa maandishi yenye kuonyesha kama wamoja kati yao walikuwa na ugonjwa mwingine kabisa. Ulianza pole pole, mara nyingi mbele meno ya utoto yabadilike. Mutoto alisikia kwanza viungo kuwa vigumu, kisha vikavimba. Homa ilikuja, tezi na bandama zikaongezeka.

Dawa ya kuponya haikuwako. Lakini kuanzia pale, ugonjwa wa mutoto ulitazamwa peke yake. Mwaka 1906 Still alifanywa profesa wa magonjwa ya watoto kwenye King's College, London. Mwaka 1928 akakuwa prezida wa kwanza wa chama cha waganga wa watoto cha Uingereza, na mwaka 1937 akapewa cheo cha Sir. Hakuoa. Alikufa mwaka 1941. Miaka 7 kisha, kortizoni ikajaribiwa mara ya kwanza juu ya wagonjwa wa viungo.

Leo jina lake limebaki kwa aina moja ya ugonjwa huo, yenye homa na vipele. Waganga wanasema mutoto ana artiriti ikiwa viungo vimevimba mbele ya miaka 16 na haviponi kwa zaidi ya wiki 6. Ugonjwa huo unaweza pia kuharibu macho bila maumivu yoyote.

Si kila maumivu ni artiriti. Drepanositoze inaumiza mifupa na viungo. Homa ya rematisme, yenye kufuata ugonjwa wa koo, inaweza kuharibu moyo. Maumivu ya miguu yote mbili yenye kuja usiku na kuisha asubuhi, mutoto akicheza vizuri, mara nyingi si hatari.

Lakini mutoto mwenye kuchechemea kila asubuhi, ao mwenye goti lenye kuvimba, anapaswa kupelekwa kwenye kituo cha afya. Kama kiungo ni moto, homa iko na anakataa kukanyaga, apelekwe siku ile ile. Si lazima angojewe mpaka alie: watoto wa Still walianza kwa viungo kuwa vigumu tu.