Mbaruk bin Rashid wa Gazi: Mazrui Baina ya Sultani, Kampuni na Serikali

Anayesafiri kwa jahazi kutoka Vanga kuelekea Mombasa huupita mlango wa bahari baina ya Wasini na Shimoni, kisha huziacha Funzi na Msambweni kabla ya kuifikia ghuba ya Gazi. Katika karne ya kumi na tisa mwambao huu mfupi ulikuwa na wakubwa wengi. Wasini palikuwa na Wavumba, waliojivunia madiwani wao wa ukoo wa masharifu. Bara yake ilikuwa ya Wadigo. Unguja alikaa Sultani aliyedai yote hayo kuwa milki yake. Gazi alikaa Mbaruk bin Rashid, ambaye dai hilo hakulikubali moyoni hata siku moja.

Chanzo cha uhasama huo ni cha kale kuliko yeye. Wamazrui waliitawala Mombasa kwa takriban karne nzima, na ndio wenye mji katika zama za Muyaka bin Haji, mshairi ambaye msomaji wa fasihi ya Kiswahili hahitaji kuarifiwa habari zake. Mwaka 1837 Seyyid Said aliuangusha utawala wao na kuwahamishia wakubwa wao Bandar Abbas, Uajemi. Miongoni mwa waliochukuliwa alikuwemo Rashid bin Salim, mtawala wa mwisho na baba yake Mbaruk. Waliosalimika waligawanyika: tawi moja likaenda Takaungu, kaskazini mwa Mombasa, na jingine likajenga Gazi. Takaungu walijifunza kuishi na Unguja. Gazi hawakujifunza.

Mbaruk alipata uongozi wa Gazi angali kijana, na katika enzi za Majid na Barghash aliasi zaidi ya mara moja. Kila alipozidiwa pwani alikwea milimani hadi Mwele, ngome yake iliyozungukwa na msitu. Mwaka 1882 Lloyd Mathews, Mwingereza aliyeliongoza jeshi la Sultani, aliishambulia Mwele na kuiteka, lakini mwenyewe Mbaruk hakushikwa. Baada ya muda alisamehewa, akarejea Gazi. Ni kosa kumwona kama mpiganaji tu. Alikuwa mjuzi wa kupatana, na alitambua kwamba mwenye nguvu akichoka kupigana hukubali kulipa.

Kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki, iliyopata mkataba wa kifalme mwaka 1888, ilichoka mapema. Ilikuwa na kituo Shimoni, mkabala wa Wasini, lakini haikuwa na askari wa kutosha kuitawala bara. Kwa hiyo ilimtambua Mbaruk na kumpa posho, naye akakaa kimya. Hiyo ilikuwa diplomasia ya bei nafuu, na kwa miaka kadhaa ilifaa.

Iliharibika mwanzoni mwa mwaka 1895, tena mbali na Gazi. Liwali wa Takaungu, Salim bin Khamis, alifariki. Kwa mila ya Wamazrui, ukubwa ulimstahiki mtu mzima wa ukoo, naye alikuwa Mazrui mwingine mwenye jina lile lile la Mbaruk bin Rashid. Kampuni ikamteua Rashid, mwana wa marehemu, kijana ambaye iliamini angeitii. Uamuzi uliokuwa wa wazee wa ukoo ukafanywa na makarani. Yule wa Takaungu alipotimuliwa kwa silaha, alikimbilia Gazi kwa ndugu yake.

Wakati huo huo Kampuni ilikuwa inajitoa. Tarehe 1 Julai 1895, mjini Mombasa, Sir Arthur Hardinge, balozi wa Uingereza Unguja, alitangaza kuwa serikali yake ndiyo itakayotawala kwa niaba ya Sultani. Aliahidi kwamba dini ya Kiislamu, sheria yake na mila za wenyeji havitaguswa. Hardinge aliufahamu ulimwengu wa Kiislamu, kwani aliwahi kutumikia Istanbul na Cairo, na alitaka kutawala kupitia maliwali na makadhi. Ahadi ile haikuwa ya hila. Hata hivyo, hapohapo alimtaka Mbaruk amtoe mgeni aliyemkimbilia. Kumtoa kungekuwa fedheha isiyofutika mbele ya ukoo mzima. Kumficha kulikuwa uasi. Barua na wajumbe havikufua dafu, na Mbaruk akarudi Mwele.

Tarehe 17 Agosti 1895 ngome hiyo ilitekwa na jeshi la Admirali Rawson. Vita havikwisha. Wapiganaji wa Mbaruk, Wadigo wakiwemo, waliendelea kushambulia na kutoweka kwa miezi mingi, hata serikali ikalazimika kuleta kikosi kutoka India mwezi Machi 1896. Mwezi uliofuata Mbaruk alivuka mpaka kusini mwa Vanga, akajisalimisha kwa gavana wa Wajerumani, Hermann von Wissmann. Aliishi Dar es Salaam kwa hifadhi yao na kufariki huko mwaka 1910.

Ahadi ya Mombasa iliishi zaidi yake. Iliingia katika makubaliano ya mwaka 1963 baina ya Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte kuhusu ukanda wa pwani, na mahakama za kadhi zimo katika Katiba ya Kenya ya mwaka 2010. Historia ya ukoo iliandikwa kwa Kiarabu na Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, yule yule mhariri wa Sahifa na Al-Islah. Mwaka 1937, miaka mia kamili tangu Rashid bin Salim apelekwe Bandar Abbas, serikali ya Waingereza ilimteua Mazrui huyo kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya.