Askofu Alexander Kipsang Muge: Mchungaji Aliyeambiwa Asifike Busia

Kamati ya jubilei ilipoketi kupanga kijitabu hiki, tuliulizana ni maisha ya nani tuyaweke katika kurasa hizi. Walitajwa wamishenari wa zamani, wakatajwa wainjilisti waliotembea kwa miguu na Biblia kwapani. Mwishowe tukamchagua mtu ambaye wengi wa wanakwaya wetu wa leo hawakumwona kwa macho, maana walizaliwa baada yake: marehemu Askofu Alexander Kipsang Muge, askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Eldoret. Vijana wanalijua jina lake, na wanajua kwamba alifariki katika ajali ya barabarani. Jinsi alivyochunga kundi lake ndiko kunakosahaulika.

Muge alikuwa mwana wa Nandi, mzaliwa wa miaka ya 40. Kabla ya kuvaa kanzu ya kasisi alivaa sare ya serikali. Mwanzoni mwa miaka ya 70 alikuwa askari wa GSU, kikosi ambacho Mkenya yeyote akikiona kikishuka kwenye lori hutafuta njia nyingine ya kupita. Tunalitaja jambo hili kwa sababu watu waliomshangaa baadaye, kwamba askofu gani huyu asiyetishika, pengine walisahau kwamba aliwahi kufunzwa na serikali hiyo hiyo. Aliacha kazi hiyo akaenda kusomea uchungaji, kwanza hapa nchini na baadaye London. Alihudumu kwa muda Nairobi katika Kanisa Kuu la All Saints, na mwaka 1983, dayosisi mpya ya Eldoret ilipozaliwa kutoka Nakuru, akawekwa wakfu kuwa askofu wake. Alikuwa na miaka thelathini na ushee tu.

Ni vizuri tukumbushane lilikuwa kanisa la namna gani. Wakati huo tuliitwa CPK. Jina la ACK lilikuja mwaka 1998. Katika sehemu hizi sisi Waanglikana tulikuwa wachache. Wamishenari wa zamani waligawana maeneo, na nchi kubwa ya Wakalenjin ikawa shamba la African Inland Mission, huku Wakatoliki nao wakijenga misheni zao. Kanisa letu lilianzia zaidi mijini na kwenye mashamba ya walowezi, likiwa na waumini waliotoka kila pembe ya nchi kutafuta kazi. Kwa hiyo askofu wetu wa kwanza alirithi kundi dogo, la makabila mengi, lililotawanyika katika eneo kubwa mno: Uasin Gishu na Trans Nzoia kwenye mahindi na ngano, Nandi kwenye majani chai, Elgeyo Marakwet inayoteremka hadi joto la Bonde la Kerio, kisha Pokot Magharibi kuliko kavu, ambako mtu hutembea siku nzima akitafuta maji.

Eneo kama hilo huwezi kulichunga ukiwa ofisini. Askofu huenda kutoa kipaimara, kubatiza, kufungua kanisa la mabati, kusuluhisha wazee wa kanisa waliogombania shamba. Akimaliza ibada, watu humngoja nje. Mmoja humweleza habari za mtoto aliyefukuzwa shule, mwingine humwonyesha mpaka wa ardhi uliosogezwa usiku. Wale tulioimba katika ziara za maaskofu tunajua kwamba chakula cha mchana hupoa mezani wakati baba askofu angali anasikiliza watu. Sisi tunaamini kwamba mahubiri ya Muge yaliyotikisa nchi yalitokana na huko. Mtu aliyefika Pokot na kuona njaa kwa macho yake hakuweza kurudi Eldoret akasema mambo ni shwari. Aliposema hadharani kwamba watu wanakufa njaa Pokot, wakuu wa serikali walikasirika sana na kumkanusha. Yeye hakuyarudisha maneno yake.

Kisha kukaja mlolongo. Kwa vijana wetu wanaopiga kura kwa siri, tueleze kidogo. Tangu 1982 nchi ilikuwa na chama kimoja tu kwa sheria, KANU. Mwaka 1986 chama kikaamua kwamba katika uteuzi wa wagombea wananchi watapanga mstari nyuma ya mgombea wamtakaye, au nyuma ya picha yake, wahesabiwe mchana kweupe. Aliyepata asilimia 70 ya mstari alikuwa amekwisha kuwa mbunge. Hakukuwa na kura nyingine. Agosti mwaka huo wachungaji wapatao 1,200 waliokusanyika Chuo Kikuu cha Kenyatta chini ya Baraza la Kitaifa la Makanisa, NCCK, walipinga utaratibu huo. Hoja yao ilikuwa ya kichungaji kabisa: kasisi akisimama nyuma ya mgombea mmoja, kesho atawapaje meza ya Bwana waumini waliosimama nyuma ya mwingine? Muge alikuwa miongoni mwa maaskofu waliolipinga jambo hilo kwa sauti kubwa, pamoja na Henry Okullu wa Maseno Kusini na David Gitari wa Mlima Kenya Mashariki. Mlolongo ulitumika mwaka 1988 hata hivyo, na watu waliona mstari mfupi ukitangazwa kuwa ndio mrefu.

Hapa kuna jambo ambalo mtu wa Nairobi hawezi kulielewa upesi. Okullu na Gitari waliisema serikali wakiwa mbali na nyumbani kwa Rais. Muge aliisema akiwa Bonde la Ufa, yeye mwenyewe Mkalenjin, chini ya Rais Mkalenjin. Kwa wengi wa jamii yake hilo lilikuwa kama kumvua nguo mzee mbele ya wageni. Wanasiasa wa hapa walimwita kila jina. Hata ndani ya kanisa wapo walioona anavuka mpaka, wakafungua Warumi 13 na kumuuliza kwa nini hatii mamlaka. Lazima tuseme kweli: hakuwa mtu mwepesi. Alikuwa mkali wa maneno, na hata maaskofu wenzake na NCCK walionja ukali huo. Lakini kama alizungumzia unyakuzi wa ardhi, au watu waliowekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani, alizungumza kama mtu ambaye waathiriwa ni waumini wake, si habari za gazetini.

Mwaka 1990 ulikuwa mchungu. Februari, Waziri Robert Ouko aliuawa. Julai 7, siku ya Saba Saba, damu ilimwagika Nairobi watu wakidai vyama vingi. Na Agosti, Peter Habenga Okondo, Waziri wa Kazi na mwanasiasa wa Busia, akawaonya hadharani Muge na Okullu wasikanyage wilaya hiyo. Wakifika wataona moto, na huenda wasitoke wakiwa hai.

Busia haikuwa ndani ya dayosisi yetu. Muge angeweza kunyamaza na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini alitangaza kwamba atakwenda. Tukilitafakari jambo hilo leo, tunaona kwamba swali halikuwa la ushujaa wa mtu mmoja. Kama waziri anaweza kumwambia askofu mahali pa kuhubiri Injili na mahali pa kutohubiri, basi kila mwinjilisti mdogo kijijini angengoja ruhusa ya chifu kabla ya kufungua Biblia.

Jumanne, Agosti 14, alikwenda Busia. Umati mkubwa ulimpokea, akaomba nao, akasema nao, na hakuna aliyemgusa. Akaanza safari ya kurudi. Huku kwetu, Kipkaren, katika barabara inayoelekea Eldoret, gari lake liligongana na lori la maziwa. Akafa.

Waliokuwa watu wazima siku hiyo wanakumbuka jinsi habari zilivyoenea mjini kabla ya jua kutua, na jinsi kila mtu alivyoikumbuka ile onyo. Siku chache baadaye Okondo alijiuzulu uwaziri. Dereva wa lori alihukumiwa kifungo cha miaka saba kwa kuendesha kwa njia ya hatari, naye akafia gerezani kabla ya kukimaliza. Miaka mingi ikapita. Mbele ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, afisa wa zamani wa Special Branch alidai kwamba kifo kile kilipangwa. Hakuna mahakama iliyowahi kuamua hivyo. Familia yake na kanisa wameishi na swali hilo, na sisi hatuna mamlaka ya kulijibu katika kijitabu cha kwaya.

Lakini lipo jingine ambalo linatuuma zaidi, na hatusikii likisemwa sana. Oktoba 1991, miezi kumi na minne tu baada ya mazishi yake, mapigano ya kikabila yalianza katika shamba la Meteitei, huko Nandi, wilaya aliyozaliwa. Mwaka uliofuata Burnt Forest iliteketea, na viwanja vya makanisa vikajaa akina mama na watoto wenye magodoro vichwani. Desemba ile ile ya 1991 kifungu cha chama kimoja kilifutwa katika katiba, jambo ambalo lingemfurahisha mwenye kuchukia mlolongo. Lakini katika vijiji vyetu watu walikuwa wakikimbia. Muge alikuwa mmoja wa wachache ambao wangeweza kuwakemea vijana wenye mishale kwa lugha ya mama zao, kisha ageuke awakemee wakubwa waliowatuma, na wote wamjue kwamba hana upande. Kundi letu la makabila mengi lilimhitaji wakati huo kuliko wakati wowote wa uhai wake, na hakuwepo.

Amelala hapa Eldoret, katika uwanja wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Mathayo. Eneo alilolizunguka peke yake kama askofu limegawanywa: Kitale ikawa dayosisi mwaka 1997, na baadaye Kapsabet nayo ikapata askofu wake. Wanakwaya wanaofika kanisa kuu kwa ajili ya ibada za dayosisi, ambao kwa kawaida hupita mbio wakitafuta mahali pa kuvalia majoho, wamwombe mzee yeyote wa kanisa awaonyeshe kaburi.