Howie Morenz: Gwiji wa barafuni aliyeliliwa na jiji zima

MCHEZA kwao hutuzwa, walisema wahenga. Hata hivyo, jiji la Montreal nchini Kanada halikuwa kwao Howie Morenz, na alipotakiwa kwenda kulichezea alibubujikwa na machozi akiomba aachwe alipo. Miaka 14 baadaye, jiji lilo hilo ndilo lililosimama kumlilia yeye.

Morenz alizaliwa Septemba 21, 1902 katika mji mdogo wa Mitchell, mkoani Ontario, akiwa kitindamimba wa familia yenye asili ya Kijerumani. Mto Thames unaopita mjini humo ulipoganda wakati wa baridi kali, wavulana waliugeuza kuwa uwanja wa mpira wa magongo wa barafuni. Katika mchezo huu, wachezaji sita wa kila upande huteleza kwa viatu vyenye makali ya chuma, wakiwania kisahani kigumu cha mpira. Mamake alitaka ajifunze kupiga kinanda, lakini inasimuliwa kuwa mwalimu wa muziki alimngoja bure huku kijana akiwa mtoni na wenzake.

Familia hiyo ilipohamia Stratford, Morenz aliajiriwa kama mwanagenzi katika karakana ya reli na kuichezea timu ya mji. Mbio zake zilimpa lakabu ya Kimondo cha Stratford, na habari zake zikamfikia Léo Dandurand, mmoja wa wamiliki wa klabu ya Montreal Canadiens. Mwaka wa 1923 alitia saini mkataba, kisha akaujutia. Alihofia kuwaacha jamaa zake, na alihofia zaidi kuwa hangefua dafu mbele ya wachezaji wa kulipwa. Dandurand alikataa katakata kuufuta mkataba.

Hofu hiyo haikuwa na msingi. Katika msimu wake wa kwanza, Canadiens walitwaa Kombe la Stanley, taji kuu la mchezo huo, mwaka wa 1924. Walilinyakua tena 1930 na 1931. Morenz aliyecheza katikati, Aurel Joliat akiwa ubavuni kushoto, alitawazwa mchezaji mwenye thamani kubwa zaidi ligini mara tatu: 1928, 1931 na 1932. Msimu wa 1929-30 alifunga mabao 40 katika mechi 44. Waumini wa klabu hiyo walikuwa hasa Wakanada wanaozungumza Kifaransa, ilhali yeye alilelewa kwa Kiingereza. Walimpenda kana kwamba alizaliwa mtaani mwao.

Lakini mapenzi ya mashabiki ni kama maji ya bahari, hujaa na kupwa. Majeraha yalipoanza kumpunguzia kasi, baadhi ya waliomshangilia wakamzomea. Oktoba 1934 aliuzwa kwa Chicago Black Hawks, na mapema 1936 akahamishiwa New York Rangers. Kijana aliyelia asipelekwe Montreal sasa alikuwa mtu mzima aliyevunjika moyo kwa kuondolewa huko.

Nuru ilirejea mwaka huo wa 1936. Cecil Hart, kocha wa zamani wa Canadiens, alipoombwa kurudi kuinoa timu hiyo, alitoa sharti kwamba Morenz naye arejeshwe. Akaunganishwa upya na Joliat, na ingawa mabao yalikuwa haba, furaha yake ya kucheza ilionekana kufufuka.

Ilidumu miezi michache tu. Usiku wa Januari 28, 1937, katika mechi dhidi ya Chicago uwanjani Forum, Morenz alianguka na kuserereka hadi ukutani, chuma cha kiatu chake kikanasa katika mbao. Beki Earl Seibert alimwangukia, na mguu wa kushoto ukavunjika vibaya. Hospitalini chumba chake kiligeuka baraza ya wageni, lakini usiku wageni walipoondoka alibaki na wazo moja: huenda hatacheza tena. Akili yake ililemewa na fadhaa. Mnamo Machi 8 aliaga dunia akiwa na umri wa miaka 34. Madaktari walitaja damu iliyoganda. Joliat, aliyemjua kuliko wengi, aliamini kuwa ni majonzi yaliyomuua.

Machi 11, jeneza lake liliwekwa katikati ya uwanja wa Forum. Maelfu ya watu walijaa ukumbini kwa ukimya, na wengine maelfu wakajipanga barabarani. Novemba mwaka huo, nyota wa ligi walicheza mechi ya kuwachangia mjane na watoto wake, zikapatikana zaidi ya dola 10,000. Jezi yake nambari 7 haikuvaliwa tena na Canadiens. Mwaka wa 1945 alikuwa miongoni mwa wachezaji wa kwanza kuingizwa katika Jumba la Mashujaa wa mchezo huo.

Bintiye, Marlene, aliolewa na Bernie Geoffrion, nyota mwingine wa Canadiens. Machi 11, 2006, miaka 69 kamili tangu mazishi ya Morenz, jezi ya Geoffrion ilipandishwa darini kando ya ile ya mkwewe. Geoffrion mwenyewe alikuwa amefariki siku iyo hiyo. Na mwaka wa 2012, kitukuu wa Morenz, Blake Geoffrion, aliingia barafuni kuichezea Canadiens akiwa na nambari 57 mgongoni: tano ya babu yake, na saba ya kijana aliyeomba aachwe Stratford.